Dakika Nne za Wifi

Siku wifi yake alipopiga simu na kusema, "Wifi, nina shida, na wa kunisaidia ni wewe," Bibi Fundi aliitoa simu sikioni, akaitazama kama inayoweza kuwa imekosea namba, kisha akairudisha. Katika miaka thelathini na miwili ya kuitana mawifi hakuwahi kusikia maneno hayo. Alichozoea kusikia ni kwamba chai yake nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, kwamba watoto amewadekeza, na kwamba gauni la harusi alilomshonea wifi huyo mwaka ule lilimbana mbavu hata bibi harusi akashindwa kula kwenye harusi yake mwenyewe. Hilo la gauni halijapoa mpaka leo. Likitajwa, huyu husema wifi alinenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Yule husema hapana, ni tepu ya kupimia iliyokuwa na njaa.

"Kuna nini tena?" aliuliza Bibi Fundi.

"Nitatokea kwenye televisheni."

Wifi alikuwa mkunga. Miaka thelathini na minne alikuwa kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ile ile, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo iliyokuwa zamu yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Watu wa televisheni walikuwa wamepiga kambi wodini siku mbili, wakatengeneza kipindi kuhusu wakunga. Sasa kipindi chenyewe kilipangwa kuonyeshwa Jumamosi hiyo hiyo saa tisa alasiri, mara moja tu, wakati yeye yuko kazini na wodini hakuna televisheni.

"Walinipiga picha dakika nne nzima," alisema wifi. "Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Miaka yote hii, wifi, hakuna aliyewahi kunipiga picha nikiwa kazini hata moja. Nasikia kompyuta yako inanasa vipindi?"

"Inanasa."

"Na matangazo ya biashara unajua kuyaondoa?"

"Muulize kaka yako. Mechi zake zote hazina hata tangazo moja la rangi za nyumba."

"Basi nirekodie. Jumapili nitakuja, tukae wote tuone. Lakini sharti moja." Hapo sauti ya wifi ikashuka, ikawa karibu ya aibu. "Nataka tuone pamoja. Usiniangalie kabla yangu. Wala kaka asiangalie. Apa."

"Naapa."

"Apa kwa cherehani."

"Naapa kwa cherehani, na mkasi, na sindano zake zote."

Bibi Fundi alikata simu, akakaa kitambo amejishika kiuno. Alijua vizuri amebebeshwa nini. Akifanikisha hili, huenda hata gauni lile likasahaulika. Akiharibu, atasimangwa mpaka kaburini.

Kompyuta yenyewe ilikaa chumba cha kushonea, ubavuni mwa cherehani, imefunikwa shuka aliloishonea kwa mabaki ya vitambaa vya sare za shule: mikono miwili ya kijani, mgongo wa bluu. Kitinda, binti yake wa mwisho aliyekuwa fundi wa simu, ndiye aliyeiunganisha kwa vipande vya kompyuta tatu zilizokufa. Televisheni ya nyumbani ilipozima moja kwa moja, hawakununua nyingine. Kitinda alichomeka ubavuni mwa kompyuta kidude kidogo cha ukubwa wa kidole gumba, waya ukapanda hadi antena ya juu ya paa, na tangu hapo kioo cha kompyuta ndicho kikawa televisheni ya nyumba nzima. Antena ilisimamishwa na mumewe Bibi Fundi, Mzee Bomba, kwenye kipande cha bomba la maji kilichobaki kazini, maana yeye ni fundi bomba na hakuna kitu duniani asichoweza kukisimamisha kwa bomba.

Jinsi ya kurekodi, Bibi Fundi alijifunza pole pole kwa daftari. Yeye shule aliishia la saba, lakini mwandiko wake unasomeka kuliko wa daktari. Ukurasa wa kwanza uliandikwa hivi: *Hatua ya kwanza, washa. Hatua ya pili, ngoja. Hatua ya tatu, ngoja tena, usibonyeze kitu.*

Kukata ndiko kulikomchukua muda, na ndiko alikokupenda. Kitinda alimweleza kwamba matangazo ya dijitali hayaleti kila picha ikiwa nzima. Inakuja picha nzima moja, halafu nyuma yake zinafuata nyingi ambazo ni mabadiliko tu: mkono umesogea, mlango umefunguka. Ukikata katikati ya hizo, kioo kinachanika miraba miraba, nyuso za watu zinakuwa vigae, mpaka picha nzima nyingine ifike.

"Kwa hiyo, mama, utafute penye picha nzima, ndipo ukate."

"Ala! Sasa hicho si kitambaa cha maua makubwa?" alisema Bibi Fundi. "Nani anakata katikati ya ua?"

Jumamosi ilipofika alianza kurekodi dakika kumi kabla ya saa tisa, akapanga imalizike dakika kumi baada ya saa kumi, kama fundi anayeacha upindo. Alizima sauti, akakirudishia kioo shuka lake la sare, akakaa kwenye cherehani akipinda sketi za watu. Mzee Bomba alisimama mlangoni.

"Hata kichwa tu cha kipindi nisione?"

"Hata kichwa."

"Ni dada yangu wa tumbo moja!"

"Na mimi nimeapa kwa mkasi. Rudi sebuleni."

Kipindi kikanaswa salama. Iliyobaki ni kuondoa matangazo ya biashara, na hapo ndipo kiapo kilipokuwa kigumu, kwa sababu utakataje kitu usichokitazama? Bibi Fundi alifikiri mpaka akapata njia. Alizipunguza picha kwenye kioo zikawa ndogo kama stempu, zimejipanga mstari kama shanga. Sauti aliiacha imezimwa. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani. Bila miwani, kwake yeye uso wa mtu ni doa na nguo ni rangi. Hapo, alijiambia, hata wifi akipita sitamjua, na kiapo changu kiko palepale.

Na matangazo ya biashara hayahitaji miwani. Hospitali ilikuwa doa la kijivujivu, kuta na vitanda. Matangazo yalikuwa yanawaka: meno meupe, gari jekundu, ndoo za rangi, watu wanaofurahi kupita kiasi kwa sababu ya mafuta ya kupikia. Alipita mstari mzima kwa subira, akatia alama mwanzo, akatia alama mwisho, akanyofoa. Dawa ya meno, ikaenda. Simu, ikaenda. Lilikuwapo moja la sabuni lililomshangaza kwa urefu: taa kali, mtu wa nguo nyeupe pepe na kitambaa puani, povu limempanda mpaka huko juu mikononi. "Hawa nao wametangaza mpaka basi," alinong'ona, akalikata lote, mwanzo na mwisho penye picha nzima, na mshono ukakaa hata usingejua palikuwa na kitu. Alijipongeza kwa kikombe cha chai.

Jumapili asubuhi, baada ya kufungua kinywa, kompyuta ilileta maneno mekundu: nafasi imejaa. Siku hiyo saa kumi alasiri ilikuwa fainali ya mpira, na Mzee Bomba aliisubiri kwa mwaka mzima.

"Futa mechi zako mbili tatu," alisema Bibi Fundi. "Ziko sitini na moja."

"Ipi nifute?"

"Ile mliyotoka sare, hakuna aliyefunga."

"Ile? Ile ndiyo tamu! Wewe hujui mpira."

Basi Bibi Fundi, kuepusha maneno, akafuta kile kipindi kirefu cha jana chenye matangazo yake yote. Akakifuta moja kwa moja, na kapu la taka la kompyuta akalimwaga. Alichokihitaji si alikuwa nacho, kisafi, kimekatwa? Akapanga mashine ianze kunasa fainali saa kumi kamili, akafagia chumba.

Wifi alifika saa tisa akiwa na gauni jipya la zambarau. Bibi Fundi aliliona mara moja kwamba pindo lake limevuta upande wa kushoto, akanyamaza. Kitinda naye alikuja na ufunguo wa duka lake la simu shingoni, akamwamkia shangazi yake, akakaa sakafuni. Mzee Bomba alivaa shati la kola.

"Chai leo ina rangi," alisema wifi akichungulia kikombe. "Nani kafa?"

"Kunywa, wifi, kabla sijaiongeza maji."

Wakamweka mbele, kwenye kiti chenye mto. Kipindi kikaanza. Lango la hospitali. Wodi. Matroni akieleza takwimu. Mkunga kijana anayecheka cheka. Wifi alikuwa akiwatambulisha wote: "Huyu ni mvivu. Huyu naye ni mzuri, nilimfundisha mimi." Halafu akatokea dereva wa gari la wagonjwa, akasema maneno mengi kuhusu matairi.

"Baada ya huyu ndiyo mimi," alisema wifi, akakaa wima, akajipangusa mikono kwenye gauni. "Waliniambia mimi niko baada ya dereva."

Dereva akamaliza na matairi yake. Akaonekana mtoto mchanga akipiga miayo. Jina la kipindi likarudi, muziki, na maandishi yakaanza kupanda.

Muziki ukaisha.

"Wamenitoa," alisema wifi. Sauti haikuwa ile yake ya kila siku. "Si kitu. Labda niliwachosha. Niliwaonyesha namna ya kunawa mikono kabla ya kumzalisha mtu, wakasema hawajaona mtu ananawa vile. Walileta mpaka taa zao kubwa, zile za kuumiza macho." Akainama kutafuta mkoba wake chini ya kiti. "Si kitu, jamani."

Bibi Fundi aliweka kikombe chini.

"Wifi," alisema. "Hilo povu lilifika wapi?"

"Viwikoni. Kwani wewe unanawa mpaka wapi?"

"Na puani ulikuwa na kitambaa?"

"Sasa nizalishe bila kitambaa?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, na Bibi Fundi aliziona zote kama mtu aliyesimama njia panda saa sita mchana. Akinyamaza, lawama ni ya watu wa televisheni, nao wako mbali na hawajui kitu. Wifi atakunywa chai, ataondoka, na hakuna atakayejua kamwe. Lakini aliutazama ule mgongo wa zambarau ulioinama kutafuta mkoba, akaona hawezi.

"Si wao waliokutoa," alisema. "Ni mimi. Nilidhani ni tangazo la sabuni."

Wifi aliinua kichwa. Mzee Bomba akatoa mlio kama bomba lenye hewa, akajifanya anakohoa.

"Usicheke, kaka! Usithubutu!" Wifi alisimama. "Tangazo la sabuni? Mimi? Miaka thelathini na minne, wifi! Kwenye gauni ulinibana, haya, nikanyamaza..."

"Hujawahi kunyamaza," alisema Mzee Bomba.

"...sasa umenikata kabisa! Kwani hukuwa na macho?"

"Nilivua miwani," alisema Bibi Fundi. "Nikafanya picha ndogo, nikazima sauti. Uliniapisha nisikuone. Sasa ningekuonaje?"

Wifi akarudi kukaa kwenye kiti chenye mto.

"Mama," Kitinda aliuliza kutoka sakafuni, "ile ndefu ya kwanza iko wapi?"

"Nimeifuta. Na kapu nimelimwaga. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Yamemwagika, lakini sakafu haijayanywa bado." Kitinda alikuwa ameshasimama. "Ukifuta faili, kompyuta inafuta jina lake tu kwenye orodha. Faili lenyewe linabaki palepale mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake. Kila siku watu wananililia dukani wamefuta picha za harusi, nawarudishia. Umerekodi chochote tangu asubuhi?"

"Hata kidogo."

"Basi tumepona. Lakini kuanzia sasa kisirekodiwe kitu."

Macho ya wote wanne yakaenda ukutani. Saa kumi kasoro dakika tatu.

"Fainali," alisema Mzee Bomba taratibu.

"Itakaa juu yake hasa, baba. Nafasi iliyo wazi ni ile ile ya shangazi."

"Dada yangu." Mzee Bomba alimgeukia wifi, mikono imefunguka kama anayeomba. "Fainali ni mara moja kwa mwaka."

"Na mimi nimestaafu mara moja kwa maisha."

Bibi Fundi alikuwa ameshashika kipanya ili aiondoe ile fainali kwenye ratiba, lakini kompyuta ikachagua wakati huo kufanya hatua ya pili na ya tatu za daftari: ngoja, ngoja tena. Duara dogo likazunguka katikati ya kioo. Dakika moja ikapita. Ubavuni mwa mashine taa ya kile kidude ikaanza kupepesa, maana huwa kinaamka dakika chache kabla ya muda ili kijiweke sawa.

"Haifunguki!" alisema Bibi Fundi. "Kitinda, haifunguki!"

"Usiizime ghafla, mama, tutaharibu diski!"

Mzee Bomba alisimama. Magoti yakalia. Fundi bomba ni fundi bomba. Nyumba ikifurika hatafuti karatasi ya maelekezo, anafunga koki. Alipiga hatua mbili, akakishika kile kidude kwa vidole viwili, akakichomoa pamoja na waya wake wa antena. Taa ikazima. Saa ya ukutani ikafika saa kumi. Kwenye kioo duara likaacha kuzunguka, kikaja kibao kidogo cha kulalamika kwamba hakuna matangazo yanayopatikana.

"Haya," alisema, kidude kimelala kiganjani kama jino lililong'olewa. "Nani anataka karanga?"

Alikwenda kukaa dirishani, upande wa jirani mwenye redio, asikie chochote kitakachopita ukutani.

Kitinda alichomeka flashi iliyoning'inia pamoja na ufunguo wa duka na kuanzisha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Ukitaka kujua urefu wa saa nzima, kaa utazame mstari wa namna ile pamoja na wifi yako.

Chai ilikwisha, ikapikwa nyingine.

"Hivi kweli ulivua miwani?" aliuliza wifi baadaye.

"Niliapa."

"Mimi nilikuwa natania nusu."

"Mimi niliapa nzima."

Wifi akamenya karanga, akaitazama, akaila. "Ungeninyamazia, ningewalaumu wale wa televisheni mpaka kufa. Kwa nini umesema?"

"Ulikuwa unatafuta mkoba," alisema Bibi Fundi, na alipoona jibu halijatosha akaongeza, "Sijazoea kukuona huna maneno. Niliogopa."

Kwenye asilimia sabini na nane Kitinda alipiga kelele. Kipindi kilikuwa kimepatikana, vipande viwili, na dakika za shangazi zilikuwa kwenye kipande cha pili, karibu zote; sekunde za mwishomwisho zilikuwa zimechanika. Bibi Fundi alivaa miwani, akaifuta kwanza kwa upindo wa kanga, akaketi kwenye kioo. Picha alizifanya kubwa, na sauti akaifungua.

Mwangaza mkali ukajaa. Mwanamke wa nguo nyeupe alikuwa akinawa mikono, kidole kwa kidole, katikati ya vidole, chini ya kucha, povu likipanda mpaka viwikoni, bila haraka, kama mtu anayefanya jambo kubwa. Kisha akashusha kitambaa, na kweli alikuwa wifi, lakini Bibi Fundi hakuwahi kumwona vile: uso umetulia, hauna utani wala ubishi.

"Mtoto akija duniani," alisema wifi wa kwenye kioo, "kitu cha kwanza kumgusa ni mikono hii. Hajui mama yake bado, hajui jua. Anajua mikono hii. Nataka akutane na kitu safi kwanza. Mengine atayakuta mbele."

Hata Mzee Bomba alikuwa ametoka dirishani. Wifi alijishika shavu kwa kiganja, na machozi yalimtoka bila yeye kuyashughulikia. Bibi Fundi, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma akamshika goti.

"Rudisha," alisema wifi.

Akarudisha. Wakaona tena. Na mara ya tatu.

"Lakini, jamani, tuseme ukweli," alisema wifi akijifuta pua. "Kwa kweli linafanana na tangazo la sabuni."

Kitinda ndiye aliyeanza, na kicheko kikawabwaga wote, Mzee Bomba akaegemea ukuta, wifi akashika mbavu zile zile za gauni la harusi. Walipopata pumzi, Bibi Fundi akaanza kazi ya kulishona lile pengo, kumrudisha wifi baada ya dereva mahali pake. Iliyobaki ni mwisho, pale palipochanika. Ilibidi pakatwe kabla miraba haijaanza. Wifi alivuta kiti, akakaa bega kwa bega naye, akaweka mkono juu ya kipanya.

"Kata hapo."

"Hapo si picha nzima, wifi. Utapata vigae."

"Kata hapo, nimefunga mdomo vizuri. Mbele kidogo nimeufungua kama samaki."

"Wifi, kukata nakujua mimi."

"Wewe? Mimi nimekata vitovu vya nusu ya mji huu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika!"

"Kitovu hakina picha nzima. Toa mkono."

"Sitoi."

"Wifi, toa mkono kwenye kipanya!"

Nyumba ya jirani ikalipuka kwa mayowe. Mzee Bomba akakimbilia dirishani na bakuli la karanga mkononi. "Nani kafunga? Jamani, nani kafunga?" aliuliza, lakini ndani hakukuwa na mtu wa kumjibu, maana mawifi wawili walikuwa wameinamia kioo kimoja, mikono miwili juu ya kipanya kimoja, wanagombania nusu sekunde.